Kutoka kipande hadi tokeni: Maneno matatu yaliyochanganywa Garissa

"Prof, 'authentication' tunaiitaje kwa Kiswahili?"

Niliulizwa swali hili jioni moja mwishoni mwa mwaka 2024 mjini Garissa, baada ya mhadhara wangu kuhusu uundaji wa istilahi. Aliyeuliza alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta, kijana mrefu, mpole, aliyeketi safu ya nyuma muda wote bila kusema neno. Nilimjibu upesi, kama tunavyofanya sisi tuliozeekea kazi hii: uthibitishaji. Akaandika. "Na 'authorization'?" Nikasema uidhinishaji. "Na 'identification'?" Utambulisho. Akayatazama yote matatu aliyoyaandika katika mstari mmoja, kisha akatabasamu. "Lakini Prof, kule nilikoenda kutafuta kitambulisho, hizi zote ni kitu moja tu."

Kauli hiyo haijanitoka akilini. Makala ya leo ni jaribio la kuieleza, na msomaji ataniwia radhi nikianza na mambo ya kompyuta, ambayo mimi mwenyewe nilifunzwa na kijana huyo ilhali nina umri wa kuwa babu yake.

Alikuwa akiunda programu ya simu kwa ajili ya wafanyabiashara wa soko la mifugo la Garissa. Muuzaji anapiga picha ya ng'ombe au ngamia pamoja na chapa yake, ile ambayo Wasomali huiita sumad, alama ya moto inayoonyesha mnyama ni wa ukoo gani. Mnunuzi anaiona picha akiwa Nairobi au Mombasa, wanaelewana bei, analipa kwa M-Pesa. Wazo zuri. Ila programu hiyo ilihitaji huduma mbili za mbali. Picha zilipaswa kuhifadhiwa katika wingu, na malipo yalipaswa kupitia mlango ambao Safaricom iliwafungulia waundaji wa programu mwaka 2017 na kuupa jina la Kiswahili: Daraja.

Kuhusu neno wingu, wacha niseme tu kwamba si wingu la mvua. Ni kompyuta za watu wengine, zimepangwa katika majengo makubwa yenye ubaridi, nasi hukodi nafasi humo. Garissa mtu akisema wingu limekuja, watu hutoa mapipa nje.

Sasa programu inapofika kwenye mlango wa huduma kama hiyo, huulizwa kama mgeni yeyote: wewe ni nani? Programu haina uso wala kidole. Kwa Daraja, ina maneno mawili marefu yasiyosomeka aliyopewa mwenyewe alipojisajili: moja ni ufunguo, la pili ni siri. Programu huyaunganisha kwa nukta pacha, huyageuza kuwa maandishi ya mtindo uitwao Base64, na kuyatuma. Seva ikiridhika, hairudishi ruhusa ya milele. Inarudisha tokeni, neno ambalo Mkenya yeyote anayenunua stima ya kulipia kabla analijua vizuri. Kila ombi linalofuata hubeba tokeni hiyo badala ya ile siri. Baada ya sekunde 3,600, yaani saa moja, tokeni inakufa. Unaomba nyingine.

Kazi hii yote haiandikwi upya na kila mtu. Ipo maktaba. Hapa istilahi yetu inachechemea kidogo, kwa sababu maktaba, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mahali pa vitabu, na watu huenda huko kusoma. Maktaba ya waundaji wa programu inafanana zaidi na sanduku la fundi: vipande vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa na kujaribiwa na wengine, wewe unavitoa na kuvitumia. Kwa upande wa picha, kijana wetu alitumia maktaba ya Google iitwayo google-auth, nami nilivutiwa na jinsi inavyofanya kazi. Ukiiacha ijitafutie, hupekua mahali kadhaa kwa utaratibu. Kwanza hutazama kama mazingira ya kompyuta yametaja faili ya ufunguo. Isipoona, hutafuta faili ambayo mwenye kompyuta aliiacha alipojitambulisha mara ya mwisho. Isipoona tena, na ikiwa programu yenyewe inaishi ndani ya mashine za Google, huiuliza mashine mwenyeji: je, unanijua? Mwenyeji humdhamini mpangaji wake, na tokeni hutolewa bila ufunguo wowote kubebwa.

"Ni kama mtu amesimamishwa barabarani," kijana akanieleza, "anajipapasa mfuko wa shati, halafu wa suruali, halafu anasema niitieni mtu wa kwetu."

"Huyo wa mwisho ni chifu," nikamwambia.

Akacheka. "Ni chifu, Prof. Lakini huyu haombi chai."

Turudi kwenye yale maneno matatu. Kutambua ni neno letu la Kibantu, ni kumjua mtu au kitu kuwa ndicho. Utambulisho basi ni kutaja: mimi ni fulani. Thibitisha limetokana na Kiarabu, mzizi wenye maana ya kuwa imara, kutotikisika. Uthibitishaji ni kuonyesha kwamba dai lile halitikisiki: kweli ndiye. Idhini nayo ni ruhusa, na ruhusa ina mtoaji. Mtu anaweza kutambuliwa na kuthibitishwa barabara na bado akakosa idhini, wala hakuna dhuluma hapo. Mimi najulikana vizuri sana katika benki yangu lakini siruhusiwi kuingia ghala la fedha. Dhuluma huanza pale ambapo mwenye mlango anauliza swali moja huku akikusudia jingine.

Historia ya karatasi za utambulisho katika nchi hii ilianza kwa mchanganyo huo huo. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na Vita Vikuu vya Kwanza, na utekelezaji ukaanza vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyezidi umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Kilikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole, na kumbukumbu za kazi: mwajiri gani, mshahara gani, aliingia lini, aliachiliwa lini. Kilitiwa ndani ya kikasha cha bati na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, njuga ya mbuzi. Jina hilo lilisema yote. Bila sahihi ya mwajiri kwamba amekuachilia, hukuweza kuandikwa kwingine kihalali, na kuondoka kwako kuligeuka kosa la jinai. Kwa hiyo karatasi iliyojifanya kuuliza wewe ni nani ilikuwa, kwa hakika, inauliza wewe ni wa nani na umeruhusiwa kuwa wapi. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922 na watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu aliyokuwa akiyapigania.

Kaskazini mambo yalikuwa na sura nyingine. Huko hapakuwa na mashamba ya walowezi yaliyohitaji vibarua, hivyo serikali ya kikoloni haikujali sana nani amemtoroka mwajiri. Ilijali nani anavuka. Sheria ya mwaka 1902 iliruhusu wilaya za mbali kufungwa, na ile ya 1934 kuhusu wilaya maalumu ikakaza kamba zaidi. Mtu wa nje aliingia kwa kibali. Wa ndani alitoka kwa kibali. Sheria hizo hazikufutwa uhuru ulipopatikana. Zilifutwa mwaka 1997, wakati wa yale mageuzi ya IPPG. Na kati ya 1963 na 1967 palikuwa na vita vya shifta, kisha hali ya hatari ikaendelea kulitawala eneo lote hadi mwaka 1991. Fikiria basi mtoto aliyezaliwa Garissa mwaka wa uhuru: alifikisha miaka 28 kabla ya kuishi chini ya sheria sawa na binamu yake wa Thika.

Sipendi kulipita tukio la mwaka 1989 upesi, kwa kuwa kwa mtaalamu wa lugha lina funzo la pekee. Mnamo Novemba mwaka huo serikali ilitangaza kwamba Wakenya wote wenye asili ya Kisomali waliotimiza miaka 18 wajitokeze wakaguliwe. Walifika mbele ya kamati, wakaulizwa ukoo, wazee, mahali pa kuzaliwa. Waliofaulu walipewa kadi ya rangi ya waridi, ambayo walitakiwa kuibeba pamoja na kitambulisho. Tazama jambo hili kwa jicho la mantiki. Watu hawa walikuwa tayari na kitambulisho cha Jamhuri. Kitambulisho kilikuwa kimeshatambulisha. Kadi ya pili ililetwa kuthibitisha kitambulisho, yaani kuithibitisha karatasi iliyotolewa na serikali ile ile. Na kwa kuwa Mkamba, Mluhya au Mmijikenda hakuombwa kadi hiyo, swali halikuwa kama karatasi ni halali. Lilikuwa swali la idhini, limevishwa kanzu ya uthibitishaji.

Kiswahili cha Kenya kimeunda msemo wake kwa shughuli za aina hii: kupigwa msasa. Msasa ni mti ambao majani yake makavu hukwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainisha mbao. Leo ni ile karatasi ya mchanga. Magazeti hutumia msemo huu bila wasiwasi kwa mawaziri na majaji, ambao hupigwa msasa mara moja wakiwa wamevaa suti. Kijana wa Garissa, Wajir au Mandera alipigwa msasa ili apate tu kadi ambayo mwenzake wa Nyeri aliichukua kwa cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi.

Mwanafunzi wangu alikuwa na tatizo zaidi ya msasa, na hapa ndipo kompyuta na historia zinapokutana.

Kambi za Dadaab, zilizo ndani ya Kaunti ya Garissa, zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991 Wasomali walipokimbia vita kwao. Baadaye ukame ulipowabana wenyeji, wafugaji Wakenya walitazama ng'ambo ya ua wa kambi wakaona mgao wa chakula, zahanati, shule. Wengi walijiandikisha kama wakimbizi, wao na watoto wao. Sidhani kwamba mama mwenye njaa anayeandikisha mtoto apate unga anafanya tendo la kisiasa. Alama za vidole zikachukuliwa, zikatiwa katika hifadhidata ya wakimbizi, na baadaye maafisa wa usajili wa kitaifa wakawa wanalinganisha hifadhidata hiyo na maombi ya vitambulisho. Watoto wale walipofika miaka 18 na kuweka vidole kwenye mashine, mashine ilisema: huyu namjua, ni mkimbizi. Makumi ya maelfu ya Wakenya walijikuta katika hali hiyo, inayojulikana kama usajili maradufu.

Kijana wetu aliandikishwa mwaka 2011, ule mwaka wa njaa kuu, akiwa na umri wa miaka saba. Hakumbuki chochote isipokuwa biskuti. Hana kitambulisho, na kwa hiyo hana laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, hana M-Pesa yake, na hakuweza kuomba mkopo wa elimu ya juu. Karo yake ililipwa kwa kuuza ng'ombe wa mjomba. Programu yake ilifanya kazi vizuri katika uwanja wa majaribio wa Daraja, ambako unajaribu bila pesa za kweli. Kuipeleka hewani kulihitaji nambari ya malipo ya biashara, na nambari hiyo huombwa na mtu mwenye kitambulisho. Programu yake iliweza kujithibitisha ilipoombwa. Yeye hakuweza.

Msomaji anaweza kusema kwamba mashine haikukosea, vidole ni vile vile. Kweli. Ila mashine ilijibu swali moja tu, kwamba vidole hivi vimewahi kuonekana. Haikusema mwenye vidole alizaliwa wapi wala mama yake ni raia wa nchi gani. Hitimisho lile liliongezwa na binadamu.

Nilimwambia kwamba hata mabingwa wa intaneti walichanganya maneno haya, nikadhani ninamfariji kwa jambo jipya. Kumbe alilijua kuliko mimi. Kanuni za HTTP, lugha ambayo vivinjari na seva huzungumza, zilipochapishwa mwaka 1996 ziliweka jibu nambari 401 na kuliita 'Unauthorized', asiyeidhinishwa. Lakini maana yake kiutendaji ni kwamba hujathibitisha wewe ni nani. Asiyeidhinishwa hasa, yule aliyejulikana na kukataliwa, ana nambari yake, 403. Na sehemu ya ujumbe inayobeba uthibitisho huitwa 'Authorization', idhini. Kosa hilo la majina lipo hadi leo na kila anayejifunza kazi hii hulikwaa. Halijamdhuru mtu, kwa sababu nambari zenyewe zimetengana. Programu haisomi jina, inasoma nambari, na inajua kama inapaswa kuleta uthibitisho mwingine au kukata tamaa.

"Wewe ulipewa 401 au 403?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo. "Hakuna, Prof. Mimi ni 409."

Ilibidi anieleze. Nambari 409 ni mgongano: ombi lako limegongana na hali iliyopo kwenye seva. Kanuni zinaitaka seva itoe maelezo ya kutosha ili mwombaji aone chanzo cha mgongano, aurekebishe, kisha alete ombi lake tena. Yeye kwa miaka miwili aliambiwa nenda, utaitwa. Kwamba jina lake limo katika orodha ya wakimbizi alilipata kwa mtu wa pembeni.

Jambo moja zaidi alilonisimulia kwa aibu. Katika mwaka wake wa kwanza aliwahi kuiweka hadharani siri ya programu yake, kwa kupakia msimbo wote mtandaoni bila kukagua. Siri ya mtungi aijuaye kata; hii ikajulikana na dunia nzima. Alipogundua, aliifuta siri ile kwenye tovuti ya huduma, akapewa nyingine, akabadilisha mstari mmoja katika faili yake. Dakika 10 zilitosha. Mfumo uliundwa na watu waliojua kwamba waundaji hukosea, kwa hiyo siri inabadilishika na tokeni inaisha. Kidole hakibadilishiki. Tulipochagua kidole kiwe ufunguo wa uraia tulichagua ufunguo usioweza kufutwa na kutolewa upya, na tulipaswa kujenga njia pana ya kusahihisha makosa kabla ya kuweka kidole cha kwanza kwenye kioo. Njia hiyo haikuwapo. Mimi si mhandisi, lakini sioni uhandisi wowote mgumu katika kumpa mtu karatasi inayoeleza kwa nini amekataliwa na ni nani atakayemsikiliza.

Kuhusu istilahi, kwa kuwa hii ni safu ya lugha: nashauri tuuache uthibitishaji ubaki kwa 'authentication', na tusiuite utambulisho kama baadhi ya tafsiri za programu za simu zinavyofanya. Tokeni ibaki tokeni. Kipande cha msimbo kinafaa, ingawa kila nikilisikia neno hilo kinywani mwa vijana naona kikasha cha bati.

Mnamo Februari 5, 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitia sahihi tangazo la kukomesha upigaji msasa wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mpakani. Jioni ile niliona simu yangu imejaa ujumbe kutoka kwa wanafunzi wa kaskazini, wengine wakisherehekea, wengine wakitania kwamba sasa watasimamishwa kwa sababu nyingine. Kijana wetu hakuandika chochote. Tangazo lilihusu msasa, na yeye tatizo lake lilikuwa katika hifadhidata.

Wiki kadhaa baadaye ndipo aliponipigia. Alikuwa ametoka kwenye dawati la usajili, na wamemchukua alama za vidole upya, vyote 10, na majina ya wazee wawili wa mtaa. Wamemwambia arudi baada ya wiki mbili. Nilipiga hesabu nikiwa bado naye kwenye laini, ambayo ni ya dada yake: wiki mbili ni saa 336, na kwa muda huo programu yake, ikiachwa wazi kule majaribioni, itakuwa imeomba na kupewa tokeni mpya mara 336.

"Bado inafanya kazi?" nikamuuliza.

"Sana, Prof. Yenyewe haina shida."